Njegere Tabora: nimepanda aina nne uani kwangu Ipuli, tatu zimenipa mboga, moja imeniumbua

Mha wa Ipuli

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mzaliwa wa Manyovu, kule juu Buhigwe mkoani Kigoma, ambako njegere zikidondoka nyuma ya jiko zinaota zenyewe na mama anazing'oa kama magugu. Kazi imenileta Tabora, huu ni mwaka wa sita. Miaka mitatu ya mwanzo nilipanda njegere uani na kila mwaka niliambulia aibu. Jirani yangu, mama mmoja wa Kinyamwezi, alikuwa akipita kwenye uzio anachungulia, kisha ananiuliza kwa upole kabisa: "Baba, hizo kamba ulizofunga ni za kuanikia nguo?"

Kosa langu lilikuwa moja. Nilipanda Novemba mvua zilipoanza, kama watu wanavyopanda mahindi. Novemba udongo wa Tabora bado umebeba joto la Oktoba. Mbegu nyingine zilioza kabla ya kuota, zilizoota zikarefuka haraka, zikatoa maua, maua yakapukutika. Nikalaumu mbegu, nikalaumu kichanga cha Ipuli, nikaongeza samadi. Samadi ikaleta majani mazuri sana. Majani tu.

Njegere ni mmea wa baridi. Hewa ya nyuzi 13 hadi 18 ndiyo inayoupendeza, na joto la mchana likikaa juu ya 27 au 28 wakati wa maua, maua yanaanza kudondoka na maganda yaliyokwisha kufunga yanabaki na punje mbili tatu. Tabora haina baridi ya Manyovu, lakini ina Juni na Julai. Usiku unashuka hadi kama nyuzi 15, asubuhi watoto wanakwenda shule na masweta. Mchana jua bado kali, sikatai, ila ule usiku ndio unaouokoa mmea.

Kwa hiyo siku hizi sihesabu tena siku ya kupanda, nahesabu siku ya maua halafu narudi nyuma. Nataka maua wiki ya kwanza ya Juni. Njegere fupi zinatoa maua siku 40 hadi 50 tangu kupanda. Basi napanda kati ya tarehe 15 na 25 Aprili, mvua zinapoaga, udongo bado una unyevu wa bure. Kuanzia Mei katikati ni keni ya kumwagilia na mimi.

Mwaka huu nimeweka matuta manne, aina moja kila tuta, nione ipi inaivumilia Tabora.

Tuta la kwanza ni mbegu ya mama kutoka Manyovu. Punje ndogo, laini, nyingine za kijivu zenye madoadoa, maua ya zambarau. Hii haina makuu. Iliota karibu yote ndani ya siku saba, ikatambaa ovyo, ikazaa. Ila kusema ukweli si tamu ikiwa mbichi, ina wanga mwingi. Ukiiacha ikauke ukaipika kama maharage, na mawese kidogo, hapo ndipo unaielewa.

Tuta la pili ni Green Feast, ya pakiti. Punje zimekunjamana kama uso wa mzee. Niliweka mbegu mia moja, zikaota hamsini na kitu. Lakini zile zilizoota! Mtoto wangu wa darasa la pili alikuwa akitoka shule anapitia tuta kwanza, salamu baadaye. Nusu ya mavuno hayakufika jikoni.

La tatu ni za bapa, zile unazokula na ganda lake zima, aina ya Oregon Sugar Pod. Wengi tunaziona hotelini kwenye mboga za kukaanga na tunadhani ni njegere changa zilizochumwa mapema. Sivyo. Ni aina yake kabisa, ganda halina ule utando mgumu wa ndani. Zinachumwa punje zikiwa ndiyo kwanza zinaonekana kama vipele. Hizi ndizo zilizonilipa kuliko zote, kwa sababu hazisubiri punje zijae. Siku ya 58 nilikuwa tayari nakula.

La nne ni Sugar Snap, ganda nene tamu na punje zilizojaa, vyote vinaliwa. Hii ilitolewa Marekani mwaka 1979 na mzalishaji mbegu anaitwa Calvin Lamborn. Ni ndefu, inapita kimo cha mtu. Na hii ndiyo iliyoniumbua. Nilichimbia miti minene ya uzio kama mtu anayeandalia maharage ya kupanda, nikasubiri ipande. Haikupanda. Ikalala chini yote, upepo wa Juni ukaivunjavunja. Iliyobaki ilichelewa maua hadi mwishoni mwa Juni, ikaanza kujaza Agosti wakati joto linarudi. Nilipata bakuli moja. Moja, wakuu.

Naomba wenye uzoefu wa njegere uani, hasa mikoa yetu hii, mniambie nimekosea wapi kwenye hiyo ya nne, na kama kuna aina nyingine ya kujaribu. Nawasilisha.

---

Mpita Njia

Uzi bila picha haunogi.

---

Mwana Kibirizi

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi niko Kigoma mjini. Watu wanasikia "Kigoma" wanadhani sote tuna baridi ya Manyovu. Huku ziwani njegere nimepanda mara mbili, zote zimekufa na ukungu mweupe. Hiyo hesabu yako ya Juni inafaa huku?

---

Mha wa Ipuli

Kaka, mjini kwenu ni kama mita 775 juu ya usawa wa bahari, Tabora tuko kama 1,200. Na ziwa linatunza joto, usiku wenu haupoi kama wetu. Mimi ningejaribu za bapa peke yake, kwa sababu zinaisha mapema, na ningezipanda mwisho wa Aprili upande wa nyumba unaopata kivuli saa nane mchana. Zikigoma, una ndugu Kasulu? Mpe mbegu akupandie.

Mpita Njia, picha nitaweka jioni, simu ya mtoto ndiyo yenye kamera nzuri na yeye yuko shule.

---

Bibi Kunde

Mwanangu, nimesoma habari yako yote nikacheka, si kwa ubaya. Mimi niko Tabora hii tangu nimeolewa. Unahangaika na keni ya maji miezi mitatu kwa bakuli la njegere, na mbaazi iko hapo kwenye uzio haikuombi hata kikombe. Mbaazi moja ukiipanda mpakani unakula mwaka huu, unaikata, inachipua, unakula mwaka unaofuata. Mizizi inakwenda chini kutafuta maji yake yenyewe. Na kunde ndiyo usiseme: unachuma majani wiki ya nne, unakula mbichi, mengine unaanika kwa ajili ya kiangazi, Wasukuma wanaita nsansa. Kisha unavuna na punje. Na njugu mawe je? Hiyo ndiyo inayoujua udongo wetu wa kichanga.

Njegere ni chakula cha wageni wa harusi.

---

Mha wa Ipuli

Shikamoo bibi. Sikubishii. Mbaazi ninayo mpakani, kunde ninazo, na nsansa ya mwaka jana bado iko kwenye gunia. Ila bibi, mtu aliyekulia njegere mbichi za Manyovu hawezi kuridhika na zile za sokoni. Njegere ikishachumwa sukari yake inaanza kugeuka wanga saa hiyohiyo, na joto linaharakisha. Zinazotufikia zimechumwa mbali, zimelala kwenye gari, zimemenywa, zimekaa kwenye mfuko wa nailoni juani. Zile ni rangi ya kijani tu. Mimi najaza sufuria maji, naibandika, ndipo naenda kuchuma.

---

Bibi Kunde

Marahaba. Basi ukichuma mwakani uniletee, nami nione hicho kinachokutesa.

---

Ticha wa Baiolojia

Mwanzisha uzi, umegusa jambo ambalo nalifundisha kila mwaka kidato cha nne na wanafunzi wanalikariri bila kuona punje halisi. Zako za mama ni laini, za pakiti zimekunjamana. Hiyo ndiyo tofauti aliyoitumia Gregor Mendel, yule mtawa aliyegundua kanuni za urithi, katika bustani ya monasteri ya Brno, kati ya 1856 na 1863. Alipochanganya laini na zilizokunjamana, kizazi cha kwanza kikawa laini chote, cha pili akahesabu laini 5,474 na zilizokunjamana 1,850. Karibu tatu kwa moja.

Sasa kwa nini zinakunjamana? Zina hitilafu kwenye jeni ya kimeng'enya kinachosaidia kujenga wanga. Sukari nyingi inabaki sukari. Punje yenye sukari nyingi inavuta maji mengi inapokua, kisha ikikauka maji yanatoka na ngozi inabaki kubwa kuliko kilichomo ndani, ndipo inakunjamana. Kwa hiyo utamu na mikunjo vinatokana na kitu kilekile. Na sukari hiyohiyo ndiyo inayowaita kuvu wa udongoni, hasa udongo ukiwa umelowa sana. Hamsini kwa mia sishangai.

Dawa ya kienyeji: zile za mikunjo usiziloweke usiku kucha. Mwagilia tuta jana yake, panda leo kina cha sentimita tatu hadi nne, kisha usiguse maji mpaka uone zimechomoza, labda udongo ukauke kabisa juu.

---

Mha wa Ipuli

Ticha, mimi nililoweka saa 24. Ndiyo maana!

---

Fundi Chuma

Nikiri dhambi yangu hapa, maana hakuna anayenijua. Mwaka juzi nilinunua njegere kavu dukani za kupika, zile za kijani zilizopasuliwa katikati, nikapanda tuta zima. Nilimwagilia wiki tatu. Mke wangu ndiye aliyeniuliza, "Hivi nusu mbegu inaota?"

Baada ya hapo nikaenda duka la pembejeo kama mtu mzima, nikapewa pakiti, haikuota hata moja. Nilipoigeuza, tarehe ilikuwa imepita miaka miwili.

---

Dada wa Heru Juu

Fundi Chuma, pole, umenichekesha mpaka nimemwaga chai. Angalia tarehe na lebo ya TOSCI, wale wa serikali wanaothibitisha ubora wa mbegu, kabla ya kutoa hela. Na hata ikiwa na lebo, chukua punje kumi, zifunge kwenye kitambaa kibichi, weka kwenye sahani jikoni. Siku ya sita au ya saba hesabu. Zikiota chini ya saba, panda kwa kubananisha au mrudishie mwenyewe.

Sasa nije kwa mwenye uzi. Mimi niko Heru Juu, Kasulu, na njegere kwetu ni zao kweli, si pambo. Nina mambo kadhaa na wewe, kaka.

Kwanza hiyo Sugar Snap yako. Umechimbia miti minene. Njegere si maharage. Maharage yanajizungusha shina lote kwenye mti, hata mti wa unene wa mkono yanaupanda. Njegere inashika kwa vile vikono vyembamba vilivyo ncha ya jani, na vikono hivyo vinaweza kukumbata kitu kisichozidi unene wa penseli. Kitu kinene vinakigusa, vinakiacha. Chukua matete, yapasue, au tumia matawi makavu yenye vijiti vingi, yachomeke kwenye mstari siku unayopanda, si wakati imeshalala. Miti yako minene iache kwenye kona, funga kamba za katani kutoka mti hadi mti, kila kiganja kimoja kwenda juu kamba moja. Utaiona inavyopanda.

Pili samadi. Umesema mwenyewe majani yalikuwa mazuri. Njegere inajitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi. Ukiimwagia samadi mbichi au urea, inaacha kuwahangaikia hao bakteria na inakula bure. Weka samadi iliyooza, kidogo, kwenye tuta la zao lililotangulia. Mimi napanda njegere mahali palipokuwa na mahindi au kabichi. Na mmea mmoja ung'oe wakati wa maua, upasue kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa na wekundu kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, bado au kimechoka. Ardhi yako ya Ipuli kama haijawahi kuota njegere, hao bakteria wake huenda ni wachache, maana wa kunde si wa njegere. Mwambie mama akikutumia mbegu akutumie na udongo kikombe kimoja wa shamba lake lisilo na ugonjwa, uchanganye kwenye tuta.

Ukungu mweupe, hili ni la Mwana Kibirizi pia. Watu wanadhani ni wa mvua. Huo ni ubwiri unga, na unapenda mchana mkavu wa joto na usiku wa baridi, yaani Juni yenu ileile mnayoisifia. Usibane mimea. Mstari hadi mstari nusu mita na zaidi, punje hadi punje sentimita tano au saba, maji chini asubuhi. Ukiona unga kwenye majani ya chini ng'oa hayo majani, peleka mbali. Salfa ya kunyunyiza inafanya kazi ukiwahi, usiipige saa sita za jua, itachoma majani. Wengine huku wananyunyizia maziwa na maji, moja kwa tisa. Mimi maziwa nakunywa.

---

Mha wa Ipuli

Dada, unastahili mbuzi. Hilo la penseli sijawahi kulisikia, na nimekulia kwenye njegere! Mama haweki miti kabisa, anaziacha zitambae na mtama uliokauka. Kumbe mabua ya mtama ndiyo yalikuwa miti yenyewe.

Swali: nataka kutunza mbegu. Matuta yangu yako hatua moja moja. Si zimeshachanganyika?

---

Dada wa Heru Juu

Hazijachanganyika. Ua la njegere linajichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Nyuki anapofika, harusi imeshapita. Unaweza kupanda aina nne ubavu kwa ubavu na kila moja ikabaki yenyewe, kwa nadra sana utaona mgeni. Mbaazi ya Bibi Kunde ndiyo yenye mchezo huo, wadudu wanaichavusha sana, ndiyo maana ukitaka Komboa, ile mbaazi fupi ya kisasa, ibaki Komboa usiipande karibu na ile ndefu ya kienyeji.

Chagua miche mitano iliyowahi kuzaa na isiyoshikwa na ukungu, ifunge uzi mwekundu, na umwambie huyo wa darasa la pili kwamba hiyo haiguswi. Acha maganda yakauke kwenye mmea mpaka yanalia ukiyatikisa. Kisha majivu kidogo, chupa kavu, kifuniko kikaze, maana kuna fukusi wa njegere anayeingia tangu shambani na kutoka ghalani.

---

Ticha wa Baiolojia

Naongezea: hilo la kujichavusha ndilo lililomwezesha Mendel. Alipotaka kuchanganya ilibidi afungue kichipukizi cha ua kwa mkono, atoe stameni (sehemu za kiume za ua), alete chavua ya mmea mwingine. Kama zingechanganyika ovyo asingepata ile tatu kwa moja.

---

Bibi Kunde

Ticha, na za bapa na za kumenya ukizichanganya unapata nini?

---

Ticha wa Baiolojia

Bibi, kizazi cha kwanza ganda gumu, utakasirika. Cha pili zile laini zinajitokeza tena, chache. Subira tu.

---

Bibi Kunde

Basi niachie mbaazi yangu.

---

Mwana Kibirizi

Nimeamua. Mwakani najaribu za bapa upande wa kivuli, kamba za katani, mstari nusu mita. Mha wa Ipuli, hizo za bapa umetunza mbegu? Nitanunua.

---

Mha wa Ipuli

Usinunue. Nilikuwa nimeacha miche sita, jana nimemenya, ni kama kikombe cha kahawa. Nakupa punje 60, zinatosha mstari wa mita nne hivi. Kuna kijana wetu anapanda treni ya Kigoma wiki ijayo, nitamfungia kwenye bahasha ya karatasi, si nailoni. Njoo inboksi tupange utampokelea wapi.

Ila kwa sharti moja. Fanya lile jaribio la kitambaa alilosema dada, punje kumi, kabla ya Aprili. Mimi nimefanya leo asubuhi, sahani iko juu ya kabati, na mke wangu ameshauliza mara mbili kama ni dawa.

---

Mpita Njia

Jioni imefika. Picha?